Miaka Mitano Isiyo Yake

"Papa Belise, hii barua naiweka juu ya meza ama kwenye moto?"

Aloys, kiongozi wa kijiji, alikuwa uani akinyoa ndevu. Saa nne asubuhi, mkewe hakupaswa kuwa nyumbani. Kwa miaka kumi na saba Kabatesi alitoka alfajiri kwenda mapokezi ya hoteli moja kando ya ziwa, akarudi jioni miguu imevimba.

"Barua gani?"

"Ya kunifukuza. Si weye ndiye mukuu wa mudugudu, unasomeaka watu barua zao? Soma."

Aloys akasoma. Kuanzia mwezi ujao, mfanyakazi mwenye miaka hamsini au zaidi hatakaa tena mapokezi. Hoteli inamshukuru kwa utumishi wake.

"Hamsini? We uko na arobaini na tano!"

"Hiyo tunajua mi na weye. Kitambulisho kinasema 1974. Cyuzuzo amenionyesha na kidole. Mutoto wa juzi, wamemupa umeneja, ananiita mukecuru! 'Mukecuru, wageni wanapenda sura mpya.' Mbele ya Nasrine, mwenye mimi nilimufundisha hata kushika simu."

Mukecuru ni bibi mzee. Mtu mwenye adabu humwita hivyo mama yake. Cyuzuzo alilitamka kama anayefungua mlango ili mtu atoke.

"Bon," Kabatesi akasema, "kesho twende ofisi ya sekta wasahihishe. Yule karani aliyeniandikia kitambulisho alikosea, na weye ulikuwa pale. Utakuwa shahidi wangu."

Wembe ukasimama shavuni.

"Achana na hiyo mambo."

"Nini?"

"Ni karatasi ya miaka ishirini na sita, Mama Belise. Tutafute kazi ingine."

"Juzi umemusainia jirani Sibomana ushahidi wa watoto wake, na hata majina yao huyajui! Mi bibi yako unanikatalia?"

"Punguza sauti, majirani..."

"Wasikie! Wajue mukuu wao anaogopa kwenda kusema bibi yake alizaliwa lini!"

Siku mbili hawakusemezana. Chakula kiliwekwa, kikaliwa, sahani zikaoshwa. Siku ya tatu Kabatesi alikuwa jikoni akimenya viazi simu yake ilipolia. Ujumbe ulitoka kwa Aloys, aliyekuwa amekaa upande wa pili wa ukuta.

"Karani hakukosea. Ni mi nilimuambia 1974."

Kabatesi akaingia sebuleni, kisu bado mkononi.

"Unanichezea?"

"Hapana." Aloys hakuinua macho. "Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Sheria inataka ishirini na moja ndiyo tuoane. Na baba yako alikuwa anataka kukuoza Mudende, kwa yule mwenye ng'ombe. Miaka mbili ningengoja namna gani? Ulikuwa inje, kwenye foleni ya picha. Karani akauliza umezaliwa lini. Nikasema 1974, ili asiulize tena."

"Halafu ukatoka ukaniambia karani amekosea."

"Ndiyo."

"Nilimulaani ule mutu, Aloys." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Miaka yote. Alipokufa sikuenda kumuzika. Bibi yake alinisalimia sokoni, nikageuza uso."

"Nilikupenda, Kabatesi."

"Si ungenipenda na miaka yangu?"

Usiku huo Kabatesi alihamia chumba cha Belise, binti yao aliyekwisha kuolewa.

Jumatatu Aloys akaenda sekta peke yake, bila kuambiwa. Karenzi, afisa wa vitambulisho, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka kalamu chini.

"Muzee, ukisaini haya maelezo, uongozi umekwisha. Nani atakubali tena saini yako?"

"Najua. Lete."

Habari ikamtangulia nyumbani. Sibomana alimngoja njiani na wenzake.

"Chifu! Na mi niongezee kumi nipate pensheni!"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Aloys akapita katikati yao kofia mkononi.

Marekebisho yalichukua wiki saba. Kabatesi alipoipata karatasi mpya hakungoja hata chai, akaipeleka hotelini mwenyewe. Jibu la Cyuzuzo lilikuja kwa ujumbe wa simu akiwa njiani kurudi, mbele ya ziwa.

"Mama, asante kwa karatasi. Lakini 45 na 50 kwa mapokezi ni kitu kimoja. Tunataka wasiozidi 30. Usijisumbue tena."

Akausoma mara tatu. Kisha akampigia mumewe, mara ya kwanza tangu ahame chumba.

"Alo?"

"Wamekataa." Akavuta pumzi. "Donc ulidanganya bure, na kweli pia umesema bure."

Upande wa pili kiti kikaburutwa.

"Amekuambia kwa mudomo?"

"Ameandika. Iko kwenye simu."

"Usifute! Ameandika mwenyewe kwamba ni sababu ya miaka? Barua yao ilisema hamsini, na weye hujafika: hiyo sheria inakataza. Ngoja hapo hapo. Twende kwa mukaguzi wa kazi."

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alinakili ujumbe neno kwa neno.

"Sitawadanganya. Itachukua miezi, na kazi yenyewe inaweza isirudi. Mnataka kuendelea?"

"Tuendelee," Kabatesi akasema.

"Umri?"

Aloys akafungua mdomo kwa mazoea. Mkewe akamtazama. Akaufunga.

"Arobaini na tano," Kabatesi akasema, akingoja hadi kalamu imalize kuandika.

Nje mvua ilikuwa imeanza. Walisimama chini ya paa, nafasi ya mtu mmoja kati yao.

"Bado nakukasirikia," Kabatesi akasema.

"Najua."

"Na kesho nitakukasirikia."

"Najua."

"Na unipeleke kwa bibi ya ule karani. Utamuambia weye, mi nikiwa pale."

Aloys akatikisa kichwa kukubali.

"Bon. Sogea, unalowa."