Umekula na Nani?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Evelina alishuka ziwani na ndoo yake, akachota maji, kisha akarudi nyumbani kufagia uwanja. Zamani kazi hiyo aliifanya pamoja na kaka yake Venant, na ilikuwa mchezo mtupu. Venant alimwiga mwalimu mkuu, akawaiga bata wa jirani, mpaka maji yakamwagika njiani kwa kicheko. Sasa Venant alikuwa Ujerumani akisomea uhandisi, na njia ya ziwani ilikuwa imerefuka ajabu.

Wakati wa kula ndio uliokuwa mbaya zaidi. Tangu Evelina ajue kumega tonge, yeye na Venant walikuwa wakila sahani moja. Baba alikula sebuleni na wageni wake, na mama, aliyeuza samaki sokoni, alikula hukohuko. Kwa hiyo Evelina alikaa jikoni peke yake na ugali wake na kipande cha sato, akala harakaharaka ili amalize. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na nyumba nzima ilikuwa ikijivunia safari ile?

Aliyejivuna kuliko wote alikuwa baba yake, Mzee Luhaga, fundi seremala wa Nyegezi. Venant alikuwa amepata nafasi katika chuo cha Dar es Salaam pia, na huko ndiko alikotaka kwenda. Mzee Luhaga hakutaka hata kusikia.

"Siku hizi nchi imefunguka," alisema. "Madukani redio za nje, viatu vya nje, hata sabuni ya nje. Na elimu nayo ni ya nje! Utakwenda, na maneno yameishia hapo."

Venant akaenda.

Shuleni, Evelina alitia chumvi. "Kaka yangu ana marafiki Wazungu chungu nzima," aliwaambia wenzake. "Kila siku sherehe!" Lakini kadiri alivyosimulia ndivyo upweke ulivyomzidi, maana rafiki yake mkubwa alikuwa kwenye sherehe hizo za kubuni, na yeye hakualikwa.

Basi Mwalimu Mihayo alipotangaza mdahalo wa darasa la sita, "Kila mwanafunzi wa chuo alazimishwe kusoma nchi za nje," hakuhangaika kutafuta wasemaji. Evelina angeongoza upande wa kuunga mkono, na Bushra angeongoza wapinzani. Bushra alikuwa binti wa Mzee Nurudin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Dukani humo mlikuwa na simu, na Venant alipiga hapo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Jumamosi hiyo familia ilifika dukani mapema. Simu ilipolia, Mzee Luhaga aliinyanyua kwa mikono miwili. Ilikuwa simu yenye sauti kubwa. Kila aliyekuwa karibu alisikia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Hujambo? Habari za huko? Masomo je? Baridi je?"

Habari nzuri. Masomo mazuri. Baridi ya kawaida. Mama akapokea, akauliza yaleyale, akajibiwa yaleyale. Kisha akafikisha salamu za shangazi, za majirani na za wauza samaki wenzake. Kila mwezi ilikuwa hivyo: walianza na salamu, wakamaliza na salamu, simu ikakatika.

"Haya, Eva, msalimie kaka yako upesi," alisema baba.

Evelina alifungua mdomo aseme shikamoo. Lilitoka swali ambalo hata yeye hakulipanga.

"Kaka, leo umekula na nani?"

"Peke yangu, Eva," sauti ya Venant ilisema, ikiwa ndogo. "Tangu nije huku nakula peke yangu. Watu wanapishana bila hata salamu. Silali vizuri, na mtihani wa kwanza nimeshindwa. Usimwambie baba."

"Mimi pia nakula peke yangu," Evelina alisema, akaangua kilio. Simu ikakatika.

Baba alikuwa amesikia. Duka zima lilikuwa limesikia. Siku zilizofuata Mzee Luhaga alipiga randa mbao zake bila kumtazama mtu. Evelina aliogopa kwamba amemwaibisha baba mbele ya watu na kumsaliti kaka yake.

Siku ya mdahalo, Bushra alimvuta pembeni. "Niliyoyasikia dukani sitayasema," alisema. "Nina hoja zangu nyingine."

"Asante. Nitayasema mwenyewe," Evelina alijibu.

Alisimama mbele ya darasa. Mlangoni, kati ya wazazi walioalikwa, alimwona baba yake, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nywele.

"Mheshimiwa mwenyekiti, niliwadanganya," alianza. "Kaka yangu hana sherehe yoyote. Ni mpweke, na hakutaka kwenda. Kusoma nje ni kuzuri. Kaka anajifunza kujenga madaraja, na sisi pale Kigongo bado tunasubiri kivuko kuvuka ziwa. Anayetaka aende, na asaidiwe aende. Lakini neno 'alazimishwe' siwezi kuliunga mkono."

"Huyo yuko upande gani?" mtu alipiga kelele, na darasa likacheka. Upande wa Evelina ulishindwa vibaya.

Jumamosi ya simu ilipofika tena, Mzee Luhaga hakuuliza habari za baridi.

"Marahaba, mwanangu. Umekula na nani?" Kabla hajajibiwa akaendelea. "Nilikusukuma mimi. Ukitaka kurudi, rudi. Chuo cha Dar es Salaam hakijahama. Atakayekucheka atanikuta mimi."

Venant akacheka, kicheko kilekile cha njia ya ziwani.

"Kwanza nirudie mtihani, baba, halafu nitaamua. Juzi nilimweleza Mghana mmoja tunayesoma naye kwamba nina upweke. Kumbe na yeye vilevile! Leo tumepika ugali wa unga wa ngano. Umekuwa gundi, lakini tumeula wote."

Nyumbani, Evelina alimpelekea baba chakula sebuleni, akageuka kurudi jikoni kula chake. Baba alimwita.

"Eva, kwenda mbali kutafuta elimu ni jambo jema," alisema. "Kosa langu ni kwamba nilimpeleka mwenzio bila kumsikiliza. Na alipokuwa huko, nikamwuliza maswali yaliyotaka jibu moja tu, 'nzuri'. Ukimpenda mtu, mpe nafasi ya kukwambia kwamba si nzuri. Na wewe, ukiwa mpweke, sema. Siku zote hizo nilikuwa hapahapa sebuleni."

Akasogea kwenye mkeka, akaisukuma sahani yake katikati. Evelina akanawa mikono, akakaa, wakala pamoja.