Mlango Uliojifunga Wenyewe

Kila siku kabla giza halijaingia, Sindano alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mtu mwingine aliyeifanya. Alikwenda nyuma ya nyumba, akawasubiri kuku waingie bandani, akawahesabu mpaka watimie tisa, kisha akafunga mlango. Jina lake la Sindano alipewa na bibi yake kwa sababu alikuwa mwembamba na hatulii mahali pamoja. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Kuku walikuwa wa Bibi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini aliwajua wote kwa sauti na kwa mwendo. Mama yake Sindano, aliyekuwa fundi cherehani, alipenda kumtania kwamba anaongea na kuku zaidi kuliko anavyoongea na watu.

"Kuku hawanikatizi maneno," Bibi alikuwa akimjibu.

Mwaka huo Sindano alichaguliwa kwenye timu ya mpira wa pete ya shule. Mazoezi yalikwisha jioni, na kila mara ilimbidi aondoke katikati ya mchezo ili awahi kuku. Wenzake wakaanza kumcheka. "Kwaheri, mama kuku," walimwambia. Alicheka nao, ila lilimuuma.

Ndipo alipokwenda kwa fundi saa wa pale kona, akamweleza alichokuwa akikiwaza. Fundi alimpa saa kuukuu ya mezani, iliyovunjika kioo lakini kengele yake ikifanya kazi. Ilikuwa ya kujazwa kwa ufunguo. Kengele ilipolia, ufunguo wa nyuma ulizunguka wenyewe.

Sindano alikaa na saa ile siku nne. Alitafuta ubao mzito, akapigilia vipande vya mbao pande mbili za mlango wa banda ili ubao uweze kupanda na kushuka katikati yake. Aliuinua, akauzuia kwa msumari mrefu. Kisha akafunga uzi kutoka kwenye msumari hadi kwenye ufunguo wa saa. Mara ya kwanza uzi ulikatika. Mara ya pili ubao ulikwama njiani. Alipaka sabuni kwenye mbao, akajaribu tena. Kengele ikalia, ufunguo ukauvuta uzi, msumari ukachomoka, na ubao ukashuka taratibu mpaka chini.

Fundi saa alikuja kuona. Alitikisa kichwa kwa furaha. "Umenishinda akili," alisema. "Lakini kuku akichelewa, nani ataiambia saa?"

"Hawachelewi," alijibu Sindano. "Wakiona giza wanakimbilia ndani."

Siku tatu za kwanza, aliporudi kutoka mazoezini alichungulia bandani kwa tochi na kuhesabu. Walikuwa tisa. Siku ya nne alikuwa amechoka. Aliona ubao umeshuka, akaenda zake kuoga.

Kesho yake aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda, bakuli la pumba mapajani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yule mtetea mweusi simsikii. Jana uliwahesabu?"

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. "Niliwahesabu, Bibi. Walikuwa tisa."

Bibi aliweka bakuli chini. "Basi ni mimi. Leo asubuhi nilitoka kumwaga takataka. Nilidhani nimefunga geti, kumbe sikufunga. Macho haya, mjukuu wangu, yananiaibisha."

Sindano alizunguka nyuma ya nyumba, bandani. Karibu na ukuta alikuta manyoya meusi na nyayo ndogo za kicheche kwenye udongo. Mbele ya mlango wa banda palikuwa pamechimbwachimbwa, kama vile kuku alikuwa akihangaika kuingia. Akayakusanya manyoya, akayafunika kwa majani makavu.

Alijiambia kwamba kuku mmoja si kitu, Bibi atasahau. Lakini Bibi hakusahau. Alianza kurudi getini mara mbili, mara tatu, akilipapasa komeo. Chai aliyozoea kujimiminia, sasa alimwomba mama amimine. Siku moja Sindano alimkuta amesimama jikoni, mkono juu ya jiko, anauliza kama moto umezimwa. Ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, na aliyeuzima ni Bibi mwenyewe.

Jumamosi, jirani muuza mkaa alifika na tenga kubwa. Bibi alikuwa amemwita.

"Wachukue tu, mwanangu," Bibi alimwambia. "Mtu asiyeweza kufunga geti hafai kufuga."

Jirani aliinama, akamshika jogoo. Sindano akamkimbilia.

"Baba, naomba umwache kwanza," alisema. Kisha akamgeukia Bibi. "Bibi, hukuacha geti wazi. Siku ile sikuwahesabu. Mtetea mweusi alibaki nje, mlango ukamfungia, kicheche akamchukua. Niliyaona manyoya nikayaficha."

Jirani alimrudisha jogoo chini, akajifanya anakagua tenga lake. Bibi alinyoosha mkono mpaka akaupata wa Sindano, akauvuta, akamkalisha karibu yake.

"Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utaniambia niache mpira."

Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. Bibi alimwacha alie.

"Kuku nitapata mwingine," alisema hatimaye kwa upole. "Lakini wiki nzima nimekaa humu ndani nikiogopa hata mikono yangu. Nilikuwa najiuliza, nitaharibu nini kingine leo? Hilo ndilo lililoniumiza, si kuku."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimekusamehe. Sasa twende ukanionyeshe huo mlango wako, maana naambiwa tu habari zake."

Jirani aliondoka na tenga tupu. Jioni hiyo Sindano hakwenda popote. Yeye na Bibi walikaa mbele ya banda na kutazama. Ndipo Sindano akaona jambo ambalo hakuwahi kulitilia maanani: kuku mdogo kuliko wote alipotaka kuingia, wakubwa walimdonoa, akarudi nje akasubiri mpaka walale.

"Bila shaka na mweusi walimfanyia hivyohivyo," alisema Bibi alipoelezwa.

Ndani ya banda walipigilia kijiti kingine cha kukalia, chini kidogo, mbali na wakubwa, ili wadogo wapate pa kulala. Sindano akaiweka kengele ya saa ilie nusu saa baadaye, akabaki na muda wa kurudi kutoka mazoezini kabla ubao haujashuka. Siku atakayochelewa, walikubaliana, Bibi ataingia mwenyewe kuwahesabu. Bibi hakuhitaji macho kwa kazi hiyo. Alipitisha kiganja juu ya migongo, mmoja baada ya mwingine.

"Wanane," alisema, akajifuta mikono kwenye kanga. "Mlango wako ni mzuri, mjukuu wangu, wala sitaki uubomoe. Uache ufanye kazi yake ya kufunga. Lakini kuangalia kama wote wamo ni kazi yako wewe. Na siku ukikosea, njoo uniambie siku hiyohiyo, wakati kosa bado ni dogo na bado ni lako peke yako."

"Sawa, Bibi."

Kengele ikalia. Ubao ukashuka taratibu. Bibi aliinama, akaupapasa kuhakikisha umefika chini, kisha akaenda jikoni kujimiminia chai.