Aliyevua Viatu Hasemeshwi

— Toka hapo, mpenzi! Unaniaibisha mbele ya vijana wangu!

— Aibu ni yako, Injinia. Mimi nimekaa zangu.

Pilipili, muuguzi wa wodi ya dharura, alikuwa amekaa chini katikati ya bustani ya hospitali, pekupeku, viatu vyeupe kavipanga pembeni. Mbele yake tingatinga linanguruma. Na aliyelileta ni nani? Mchumba wake mwenyewe, aliyepewa kazi ya kugeuza bustani iwe maegesho ya magari ya wakubwa. Harusi mwezi ujao, na hakumwambia hata neno! Jamani, wanaume wengine!

— Si majani tu haya?

— Majani tu? Juzi nilikupigia nikilia, mtoto kanifia mikononi. Nilikwambia siwezi kurudi wodini. Unajua nilirudije?

— Sijui.

— Nilikuja hapa. Nikavua viatu, nikakaa mpaka pumzi ikanirudia. Ndipo nikaenda kumtundikia mwingine dripu. Wote tunafanya hivyo. Na aliyevua viatu hasemeshwi, hata daktari mkuu hupita kimya. Wewe unanisemesha kwa tingatinga!

Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Pilipili, kutoka kwa mama mkwe mtarajiwa; kumbe Injinia alishamshtakia: “Mwanangu, usimvunjie mwenzio heshima. Ondoka hapo.”

Akajibu: “Shikamoo mama. Siondoki.”

— Basi chagua, Injinia akafoka. — Mimi au majani!

Pilipili akavua pete, akaiweka juu ya kiatu.

— Siolewi na mtu anayeng'oa mahali ninapopumulia. Endesha!

Wauguzi wawili waliotoka zamu wakaja, wakavua viatu, wakaketi kando yake.

Injinia akampungia dereva mkono, tingatinga likazimwa. Kisha akainama, akafungua kamba za buti. Soksi moja ilikuwa na tundu kubwa, wauguzi wakabana vicheko.

Akaketi kwenye majani, akaiokota pete.

— Nimekosa, mpenzi. Nilijua ungekataa, ndiyo maana nikanyamaza.

Simu yake ikaita. Bosi.

— Huyu atanifukuza kazi leo leo, akanong'ona.

Pilipili akamnyang'anya simu, akapokea.

— Injinia kavua viatu. Hasemeshwi.

Akakata. Akanyoosha kidole.

— Haya, nivishe.