Nilifunga Ili Mdogo Wangu Aumie

Nina umri wa miaka arobaini na minne, ni fundi cherehani, na makazi yangu ni Mabawa, hapa hapa Tanga mjini. Sina mume, sina mtoto. Ndugu msomaji, haya ninayokusimulia nimeyabeba kwa miaka miwili.

Sisi ni Wasambaa, Walutheri tangu enzi za babu. Baba alishuka kutoka Lushoto kuja kufanya kazi kwenye shamba la mkonge, akatuzaa wawili tu: mimi na mdogo wangu Tabitha, niliyemzidi miaka saba. Mama alipofariki, mimi ndiye niliyemlea. Nilimsuka nywele, nikamshonea sare za shule, nikamfundisha kusali.

Nilipofikisha miaka thelathini na miwili nilipata mchumba, Gershon, fundi umeme. Ndoa yetu ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza, ikatangazwa ya pili... Ya tatu haikutangazwa! Katikati ya wiki Tabitha aliniangukia miguuni, akaniambia ana mimba. Nikamuuliza ya nani. Alilitazama gauni langu la harusi nililokuwa nalishona, akazidi kulia.

Nikaelewa.

Nilimwambia, "Kuanzia leo usinijue, na mimi sikujui." Yeye na Gershon wakahamia Mkwaja, huko ng'ambo ya Pangani, wakafunga ndoa kimya kimya. Mimi nikabaki na aibu yangu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Mimi nilianza kufunga. Kila Jumatano na kila Ijumaa, na wakati wa Kwaresima siku tatu mfululizo, sili wala sinywi. Wenzangu kanisani waliniona nimeumizwa lakini nimemshika Mungu, wakanipenda. Wakanichagua kuongoza kikundi cha maombi. Mwenye mgonjwa alikuja kwangu, mwenye mtoto wa kufanya mtihani alikuja kwangu. "Dada Marta, tufungie." Nami nilifunga kweli.

Lakini kuna ombi moja ambalo hawakulijua. Kila nilipokaribia kufungua, nikiwa peke yangu chumbani, nilisema, "Bwana, waonyeshe Tabitha na Gershon. Waumie kama walivyoniumiza." Ndipo nakunywa uji wangu.

Miaka kumi nilisema hivyo!

Kwaresima ya mwaka juzi, nikiwa siku ya tatu ya mfungo, asubuhi nilisikia hodi. Alikuwa jirani yangu Bi Mwanajuma, muuza vitumbua, mtu mzima ninayemwamkia shikamoo kila siku.

"Mwanangu, mdogo wako yupo barazani," aliniambia kutoka nje. "Katoka hospitali. Hali yake si nzuri. Mfungulie."

"Mwambie nimefunga, sionani na mtu."

"Hata sie twafunga, mwanangu. Lakini saumu haikukatazi kumfungulia nduguyo!"

Nikasogeza pazia kidogo. Tabitha alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, anahema kwa mdomo. Miguu ilikuwa imevimba, kandambili hazimwingii, amezivua akaziweka pembeni. Mtoto niliyemlea mwenyewe...

Mnajua nilifanya nini? Nilirudi nikapiga magoti nikasema, "Asante Bwana, umesikia mfungo wangu."

Alikaa pale mpaka saa nane mchana. Kisha Bi Mwanajuma akamshika mkono wakaenda stendi. Aliporudi alisimama mlangoni kwangu, sauti yake kavu.

"Kasema hakulaumu. Kasema moyo wake umetanuka, na amesikia wewe ukifunga Mungu hukusikia. Alikuja umfungie."

Siku ya kumi na moja Gershon alipiga simu. Tabitha amefariki.

Nilikwenda Mkwaja kuzika. Sikulia. Nilikaa kwenye mkeka na akina mama. Hapo alinijia msichana wa miaka kumi, Elisifa, ile ile mimba iliyovunja ndoa yangu. Macho ya Tabitha kabisa! Akaniamkia, akaniuliza taratibu, "Mama mkubwa, mama alisema ukimfungia atapona. Ulifunga?"

Jamani... nilimwambia nini yule mtoto? Nilitikisa kichwa kuwa ndiyo. Niliongopa kwa kusema kweli! Nikatoka nje ya uzio nikaanguka mchangani, nikalia mpaka wakanibeba.

Niliporudi Tanga nilikwenda kwa mchungaji wetu nikamweleza yote, hata lile ombi. Akasema, "Marta, uliunyima mwili chakula, ila chuki ukailisha miaka yote kumi. Anza upya. Safari hii usiombe mtu yeyote aonyeshwe kitu. Omba uonyeshwe wewe."

Nikajiuzulu uongozi wa kikundi. Nikafunga tena, na huo ndio ulikuwa mfungo wangu wa kwanza. Njaa ile ile, kiu ile ile, lakini sasa nilijiona. Niliona kiburi changu, nikaona jinsi nilivyofurahia kuitwa mtu wa maombi. Ijumaa ya tano nililitaja jina la Tabitha mbele za Mungu bila uchungu, nikasikia kifua kimelegea kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kumbe kufunga kunaweza kumfanyia mtu hivi! Kumbe ndicho nilichokuwa nakikosa miaka yote nikijinyima chakula bure!

Nikapanda basi hadi Mkwaja. Nilimpigia Gershon magoti, naye akanipigia magoti, tukalia wote wawili. Kisha nikamkalisha Elisifa, nikamwambia ukweli: kwamba nilifunga ili mama yake aumie. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia ndani.

Ni mwaka na nusu sasa. Kila likizo nampelekea nguo nilizomshonea. Anapokea, anasema asante, anaondoka. Hajaniita mama mkubwa tena. Simlaumu.

Wapendwa wasomaji, sisemi msifunge. Fungeni! Hakuna kilichonisogeza kwa Mungu kama kufunga. Lakini nawasihi, mtu asiingie kwenye mfungo na kinyongo akadhani Mungu atakuwa mtumwa wa hasira zake. Kama kuna ndugu yako hamsemeshani, mpigie leo, kabla ya Jumatano, kabla ya Kwaresima. Mwite kwa jina ulilomwita utotoni, mwambie yameisha.

Mimi wangu yuko Mkwaja, chini ya mchanga, na nikimwita haitiki.