Gari la Mikate Linavuma

Jamaa zangu, kaeni kidogo niwasimulie habari ya nyumba moja, kisha kila mtu arudi kwake akaitazame nyumba yake. Si habari ndefu. Ni ya mzee mmoja, mkewe, na gari la jirani lililokuwa likivuma.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho mtaani, na mbele ya lango lake palikuwa na benchi la mbao. Jioni mzee alikaa pale na kikombe chake cha chai, mkewe kando yake akishona vifungo vya mashati ya watu, na magari yakaja. Hayakuja kuoshwa wala kuuzwa. Yalikuja kusikilizwa. Mzee huyu aliendesha malori ya masafa marefu tangu ujana wake, na mtaa mzima ulimwita Mzee Sikio, kwa sababu ukimpandisha garini mkaenda naye hadi barabara kuu na kurudi, alikwambia ugonjwa wa gari lako bila kufungua boneti. Mkanda umelegea. Ekzosi imetoboka. Fundi akifungua, anakuta vilevile. Mzee hakudai kitu. Kuamkiwa kwa mbali na kupewa kiti cha mbele kwenye shughuli za watu kulimtosha.

Picha nzuri hiyo, eti? Sasa naiharibu. Mzee Sikio alikuwa hasikii.

Injini ya lori hukaa karibu na goti la dereva. Ilimngurumia miaka na miaka, ikamla masikio kidogo kidogo kama mchwa anavyokula mlango, rangi iko palepale na ndani hamna kitu. Aliyejua ni mkewe peke yake. Mzee alipoanza kukisia magari vibaya, mke alianza kupanda nao, kiti cha nyuma, akisema anakwenda kupunga hewa. Gari likitoa mlio, alimgusa mumewe begani kwa kidole. Mlio ukikoma, kidole kiliondoka. Mzee alitazama mshale wa mwendo, akapima umri wa gari na ubovu wa barabara, akajumlisha na kile kidole, akatoa hukumu. Na kwa kuwa aliyajua magari kama anavyowajua wanawe, mara nyingi alipatia.

Nyumbani nako ilikuwa vivyo hivyo. Hodi ikipigwa, ni mke anayesikia. Simu ikilia, ni mke. Mgeni akiuliza swali, yeye hulirudia kwa sauti na kwa uso wote, "Eti mzee, anauliza mlilala salama," na watu wakaanza kusema mama huyu ana mdomo, hamwachii mumewe hata salamu. Aliyameza. Lakini alichoka. Kusikia kwa niaba ya watu wawili ni kazi isiyo na likizo, na usiombe kuijaribu. Siku moja alimwambia mumewe waende kwa daktari wa masikio. "Daktari wa nini?" mzee akasema. "Wewe ndiye umeanza kunong'ona." Mke hakurudia tena.

Basi, jioni moja akaja jirani yao mwokaji wa mikate, mtu wa maneno mengi, nyusi zimejaa unga.

"Mzee wangu, gari langu limeingiliwa na nyuki. Chini ya hamsini, kimya. Likifika sabini linaanza, uuuu, mpaka mikate inanung'unika. Nikipita mia linafifia."

"Mia unakwenda wapi na mikate, shemeji?" mke akamuuliza. "Inakukimbia?"

"Mikate haikimbii, shemeji yangu. Wanaokimbia ni wateja."

Wakapanda. Kweli, mshale ulipogusa sabini, mvumo ukaanza, mzito, kama mtu anayeguna chumba cha pili. Kidole kikagusa bega. Mzee akamwambia mwokaji atoe gia aache gari lijiendee lenyewe. Mngurumo wa injini ukashuka, mvumo ukabaki palepale, na kidole hakikuondoka. Kwa hiyo si injini. Ni magurudumu. Mpaka hapo mzee alikuwa sawa kabisa.

Lakini magurudumu nayo yana mambo mawili. Yaweza kuwa tairi imelika vibaya, na hiyo inavuma tu, haina madhara ya haraka. Au yaweza kuwa beringi, zile gololi za chuma zinazobeba gurudumu lizunguke, na hizo zikifa gurudumu linaweza kukaza ghafla gari likiwa mbioni. Njia ya kuzitofautisha ni sikio. Mvumo wa tairi haubadiliki ukikata kona. Wa beringi hubadilika, kwa sababu kwenye kona uzito wa gari huhamia upande mmoja. Na kwenye kona kubwa ya kushoto mke alisikia mvumo ukipanda, ukajaa gari zima. Walipokata kulia, ukanywea. Akambonyeza mumewe kwa nguvu, akalegeza, akabonyeza tena. Mzee akageuza shingo kidogo kama mtu aliyetuliwa na nzi. Lugha hiyo walikuwa hawajawahi kukubaliana.

"Matairi," mzee akasema. "Yameliwa upande mmoja. Badilisha."

Mwokaji akashukuru, akawaachia mkate wa moto.

Ndani ya nyumba, mke alisimama mbele ya mumewe, usoni kabisa. "Tulipokata kushoto mlio ulipanda. Tulipokata kulia ulishuka."

Mzee akaweka kikombe chini. Mke alimwona akielewa. Kuelewa huko kulipita usoni pake kama kivuli.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Mfuate umwambie."

Mzee alikaa akiutazama ule mkate. "Nikimwambia sasa hivi ni beringi," akasema mwisho, "ataniuliza garini nilikuwa nasikiliza nini."

"Basi nimwambie mimi."

"Wewe ni fundi tangu lini? Abadilishe matairi kwanza. Hata hivyo yameisha. Likiendelea kuvuma atarudi, nitamwambia taratibu."

Mke alitaka kubishana. Maneno alikuwa nayo. Alichokosa ni nguvu ya kuyasema kwa sauti ya kusikika. Akaukata mkate, wakala.

Mwokaji alirudi na matairi mapya yanang'aa. "Mzee wangu, nyuki hawajahama."

Mke akarudia kwa sauti, kama kawaida yake, "Eti bado linavuma, mzee," kisha akamtazama mumewe akingoja. Hii ndiyo ilikuwa nafasi. Mzee aliyasoma maneno midomoni mwa mkewe, akakohoa.

"Matairi mapya huvuma mpaka yazoee barabara," akasema. "Lipe muda."

"Umesikia, shemeji?" mwokaji akageuka. "Naambiwa nilibembeleze kama mchumba."

Mke akacheka. Jamaa zangu, ajali yenyewe haikumtesa mama yule kama kicheko hicho kilivyokuja kumtesa.

Gurudumu la kulia lilikaza kwenye ileile kona kubwa, asubuhi, gari limejaa mikate. Likajipinda likaingia mtaroni. Mwokaji alikuwa peke yake, na aliokolewa na watu wa njiani, lakini mkono wake wa kulia ulibanwa mlangoni na kiwiko kikasagika.

Mzee na mkewe wakaenda kumwona. Wodi ilikuwa na vitanda vingi na harufu ya dawa ya kufutia sakafu. Mke wa mwokaji alikaa upande wa miguu, amevaa viatu viwili visivyofanana, na hakuna aliyemwambia. Mwokaji hakuwa na sauti siku hiyo. Wala hakuwa na lawama. Alisema ajali ni ajali. Alisema dereva wa basi la watoto wa chekechea naye ana mvumo kama ule ule, amemwelekeza kwa Mzee Sikio. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Mke wake alichelewa kurudia maneno. Macho yake yalikuwa kwenye vile viatu.

Halafu mwokaji akasema polepole, akitazama dari, "Daktari ameniambia mkono hautakunjika tena. Kukanda unga ndiyo basi."

Mzee akatabasamu. Akampapasa mguu juu ya shuka. "Vizuri, vizuri," akasema. "Tunamshukuru Mungu."

Mke wa mwokaji akasimama. "Umesemaje, baba?"

Mzee akaendelea kutabasamu, akitazama nyuso moja moja, akitafuta kilichobadilika. Akamtafuta mkewe, kama siku zote, ampe neno.

Mara hii hakumpa. Aliwageukia mwokaji na mke wake. "Hasikii," akasema. "Hajasikia kitu kwa miaka mingi. Magari yenu nimekuwa nayasikia mimi, nikimgusa begani. Msimwone mbaya kwa neno alilosema. Hakujua mmemwambia nini."

Mwokaji alifumba macho. Mkewe akakaa tena, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Maskini mzee."

Walirudi kwa miguu. Mzee aliuliza mara moja tu, "Umewaambia?" na mke akaitikia kwa kichwa. Alipokaa kwenye benchi mke akapiga magoti mbele yake ili amwone vizuri.

"Nimewaambia husikii, na wamekuhurumia," akasema. "La beringi sijawaambia. Kwamba ulijua, nami nilijua, tukanyamaza. Langu nitalisema mwenyewe. Lako siwezi kukusemea. Nimechoka, baba watoto. Nimechoka kuwa wewe."

Siku ya pili basi la chekechea likasimama langoni, dereva wake kijana mwenye haraka. "Shikamoo, mzee. Limeanza kuvuma nikifika sabini."

Watu walikuwepo barabarani, wale wa kila siku. Mke alishika shati lake na sindano yake, hakuinua uso. Mzee akasubiri. Alipoona hakuna kidole kinachokuja, akasimama.

"Mwanangu, mimi sisikii," akasema, kwa sauti kubwa kama wasemavyo wasiojisikia. "Nimekuwa sisikii siku nyingi, nikiwadanganya. Usipakie mtoto humu. Nenda polepole mpaka karakana, mwambie fundi anyanyue gurudumu moja moja kwa jeki."

Mmoja akacheka, wengine hawakujua watazame wapi. Mzee akapanda basi akaenda naye. Huko karakana, fundi alizungusha gurudumu hewani, na mzee akaweka kiganja juu ya springi yake, kama mafundi wanavyofanya. La kwanza liliteleza laini. La pili likamsaga kiganjani, kama mchanga kati ya meno. Akamwonyesha fundi kwa kidole. Beringi ilitoka nyeusi, gololi zake zimepasuka.

Kutoka pale alikwenda wodini peke yake, mikono ikinuka grisi. Akavuta kiti mpaka usoni kwa mwokaji.

"Nilijua ni beringi," akasema. "Mke wangu alinielewesha siku ileile. Niliona aibu kubadili neno langu. Ukarudi, nikakudanganya tena."

Mwokaji alimtazama sana. Safari hii mzee aliangalia midomo yake, hakuiacha.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na matairi nikanunua."

"Ukanunua."

Mwokaji akageuzia uso ukutani, kisha akakumbuka kwamba mtu huyu hawezi kusikia mgongo, akaugeuza tena. "Ondoka, mzee wangu," akasema. "Kwa leo ondoka tu."

Akaondoka. Mke naye alikwenda na lake kesho yake, akajibiwa karibu hivyohivyo. Siku hizi unga wa duka lile anaukanda mke wa mwokaji, na mwokaji hukaa kaunta na mkono wake mnyoofu. Mzee huenda asubuhi kubeba magunia. Hajaambiwa amesamehewa, na hajafukuzwa. Kwa daktari wa masikio amekwenda pia, akapewa kifaa, akaambiwa amechelewa, kitamsaidia kidogo tu. Jambo la kwanza alilosikia nacho, nimeambiwa, ni mkewe akipiga mwayo.

FUNZO

Ndugu zangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kweli, ila hawakumaliza. Safari nyingine anayeumbuka si aliyeficha. Kifo hukosea mlango, kikabisha kwa jirani.

Kupungukiwa si dhambi. Macho huisha, masikio huisha, mikono hutetemeka; tukijaliwa umri, sote tumo kwenye foleni hiyo. Dhambi ni kuendelea kukalia kiti ambacho kazi yake huiwezi tena, kwa kuogopa utaitwa nani ukishuka. Ukikosea, rudi siku hiyohiyo useme, "Nilikosea." Aibu yake ni ya jioni moja. Mkono wa mwokaji ni wa maisha.

Nanyi mnaowaficha mnaowapenda, wake kwa waume, watoto kwa wazazi, sikilizeni. Kumsitiri mtu ni kumfunika asipate baridi. Ukimfunika asionekane, huku anaumiza watu, hilo si sitara tena, nawe umeshiriki. Tena utachoka, na mtu aliyechoka hunyamaza pale hasa panapotakiwa aseme.

Na kama gari lako linavuma ukifika mwendo fulani, usitafute mwendo mwingine ambao halivumi. Simamisha, unyanyue gurudumu.