Jumamosi Sita za Mthunzi

"Chagua, Hlengi. Mimi au huo mlima. Mama amesema hataki mkwe anayezurura porini na wanaume."

Hlengiwe, mwongoza wageni mlimani, alisoma ujumbe wa mchumba wake mara moja, akatia simu mfukoni, akawageukia wanawake tisa wa kanisa waliokuwa wakimsubiri mwanzoni mwa njia. Ilikuwa Septemba. Nyasi zilizochomwa bado zilikuwa nyeusi, majani mabichi yakichungulia katikati, na theluji haijaisha kwenye vilele vya milima ya uKhahlamba.

"Akina mama, tunapanda mpaka maporomoko, mchana tunarudi. Atakayechoka aseme. Hakuna aibu."

Mama mmoja mnene, kilemba cha kijani kichwani, alimfuata nyuma hatua kwa hatua.

"Binti, umeolewa?"

"Bado, Mama."

"Kwa nini? Miguu unayo, adabu unayo."

"Mama wa mchumba wangu hanitaki."

"Mmeshaonana?"

"Hapana. Siwezi kwenda kwao kabla washenga hawajaja."

"Sasa umejuaje hakutaki?"

Hlengiwe alikuwa amechoka kuficha. Akatoa simu, akampa. Yule mama aliusoma ujumbe, akatazama jina la aliyeutuma, akakaa juu ya jiwe.

"Huyu mama anayetajwa hapa ni mimi."

"Wewe?"

"MaSithole. Mthunzi nimemzaa mwenyewe. Washenga wako tayari tangu Juni, yeye ananiambia umeomba muda, eti humtaki sawasawa. Nikasema nijiunge na hawa wenzangu, nikamwone msichana anayemkataa mwanangu."

Hlengiwe alipiga simu, akaweka sauti kubwa.

"Umeshachagua?" Mthunzi aliuliza.

"Niko na mama yako hapa."

"Mama gani?"

"Kwani wewe una mama wangapi?" MaSithole akadakia.

Hlengiwe akaisogeza simu mdomoni.

"Mthunzi, Jumamosi ijayo, saa moja asubuhi, uwe hapa chini njia inapoanzia. Uje na ukweli wako. Usipokuja, usinitafute tena."

"Hlengi, mimi huko siwezi kupanda."

"Huwezi au hutaki?"

Simu ikakatwa.

Wiki nzima Mthunzi alituma ujumbe. "Nisamehe." "Tuongee mjini, nakuomba." "Hata kunijibu hutaki?" Hlengiwe hakujibu hata mmoja. Jumatano alipeleka wageni katika upepo uliokuwa ukiwapeperusha kofia, usiku akalala kama gogo. Alhamisi alilia kidogo, akaosha uso, akaenda kazini.

Jumamosi alimkuta Mthunzi amefika kabla yake, viatu vya ofisini miguuni.

"Utateleza na hivyo."

"Sina vingine."

Walipanda bila kuongea. Njia ilipoanza kupita ubavuni mwa korongo, Mthunzi alisimama, akapiga magoti, kisha akalishika jabali kwa mikono miwili. Jasho lilimtoka asubuhi ile ya baridi.

"Naogopa, Hlengi. Naogopa kutazama chini, tangu utotoni. Wenzangu walinicheka mpaka nikaacha hata kuchunga huku. Kisha nakuona pichani umesimama ukingoni na wanaume, wamefika mahali ambapo mimi sitafika. Nilishindwa kusema naogopa. Nikaona rahisi kusema Mama hataki."

"Na Mama ukamwambia mimi ndiye nisiyetaka."

"Ndiyo."

"Ulitufanya wabaya wawili ili wewe ubaki mzuri peke yako."

Mthunzi aliinamisha kichwa.

"Hofu yako haina neno," Hlengiwe akasema. "Uongo ndio sitaishi nao. Na kazi hii siachi."

"Usiache."

"Sijakuomba ruhusa. Nakuarifu."

"Nimesikia."

"Haya, geuka polepole tushuke."

"Hapana," Mthunzi akasema, macho amefumba. "Nataka kufika."

Kipande ambacho akina mama wa kanisa walikipita kwa dakika kumi, yeye alikipita kwa karibu saa nzima, mara kwa makalio, mara kwa magoti. Hlengiwe alitangulia akimwambia pa kuweka mguu. Mkono hakumpa mpaka alipouomba. Alipouomba, aliushika kwa nguvu.

Juu kwenye maporomoko, suruali imechanika gotini, Mthunzi alimpigia mama yake.

"Mama, nilikudanganya. Hlengiwe hakuwahi kunikataa."

"Hilo nalijua. Washenga waende lini?"

Alimtazama Hlengiwe. Hlengiwe akachukua simu.

"Waje mwisho wa Oktoba, Mama. Kwanza nataka Jumamosi sita za mwanao huku mlimani."

"Zote sita?"

"Zote, Mama."

"Mkamue," MaSithole akasema.

Zote alikuja. Ya tatu alitapika njiani. Ya tano ilinyesha mvua ya mawe, wakajibanza chini ya mwamba wakila mkate mkavu, na hapo ndipo Hlengiwe alipocheka naye tena kwa mara ya kwanza.

Mwisho wa Oktoba washenga walisimama langoni kwa baba yake Hlengiwe, wakaita majina ya ukoo mpaka sauti zikawakauka. Baba aliwaacha jua liwapige kwanza, kama desturi inavyotaka. Hlengiwe hakuwepo nyumbani. Alikuwa mlimani na wageni wanane simu yake ilipolia mfukoni.

"Wamefunguliwa lango," Mthunzi aliandika. "Kwenu wanakuita uje useme kama unatujua, yaani kama umekubali."

Akajibu: "Nawashusha wageni kwanza. Waambie nawajua."