Binti wa Kwenye Kioo

Jioni ile fundi wa kompyuta alibakiza kazi moja tu, aende zake. Mama mmoja mwenye sauti ya kunong'ona alikuwa amemletea mashine ya gemu, feni imekwama. Ameshaitengeneza. Sasa anaijaribu.

Ndivyo alivyozoea: mashine haitoki dukani mpaka acheze hatua moja. Na jina lake haandiki kamwe kwenye mali ya mteja, ana woga wake wa kijinga. Huandika la mdogo wake wa kike, anayeishi naye.

Gemu likauliza jina la mchezaji, naye akaliandika hilo.

Lo! Gemu lilikuwa zuri, acha kabisa. Mvua inateleza juu ya mabati, taa zinatetemeka kwenye madimbwi, muziki mtamu wa kuliza. Na binti wa kuchezeshwa, pale kwenye kioo cha mashine... alikuwa mdogo wake kabisa. Mpaka kovu la kidevuni.

"Hee! Huyu wamemtoa wapi?" fundi akacheka.

Sasa kulicheza! Unabonyeza aruke, yeye anafikiri kwanza. Binti akatumbukia shimoni. Fundi akasonya.

Simu ikalia.

"Kaka..." Mdogo wake alikuwa analia. "Nimeanguka. Hapa hapa jikoni, tena pakavu. Mguu umevunjika, mfupa nauona."

Kwenye kioo binti aliinuka, anachechemea. Maandishi yakatokea juu yake: UHAI UMEBAKI MMOJA.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani. Fundi akachomoa waya ukutani.

Kioo hakikuzimika.

Binti akaanza kutembea mwenyewe, taratibu, kuelekea shimo la pili. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Kaingia saa ngapi, hata hakusikika.

"Mama yangu, nakuomba," fundi akasema. "Nisaidie, mdogo wangu atakufa."

"Badilisha jina tu," akanong'ona.

Jamani, fundi yule alimpenda mdogo wake. Hakujiuliza mara mbili. Akalifuta jina lile, akaandika lake. Binti akafifia, akapotea. Fundi akashukuru huku machozi yanamtoka. Alipoinua macho, yule mama hayupo.

Simu ikalia tena.

"Kaka, maumivu yamekwisha! Mguu mzima, sijui imekuwaje." Mdogo wake alikuwa anacheka. "Halafu kuna mama kaniletea gemu, anasema umemtuma wewe, nijiliwaze. Zuri hilo! Lina mtu kama wewe, mpaka miwani."

Fundi alitaka kupiga kelele. Mdomo haukufunguka. Miguu yake ilikuwa inakwenda yenyewe, na chini hapakuwa tena na sakafu ya duka. Palikuwa na mabati, yameloa. Mbele yake, shimo. Akatumbukia. Mbavu zikavunjika moja moja, akazisikia zote.

Akajikuta amesimama tena juu ya mabati.

"Ila vitufe vyake vinaudhi, kaka. Nabonyeza uruke, huruki," mdogo wake akasema, furaha tele sautini. "Umebakiza uhai mmoja. Ngoja nijaribu tena."